Breki ya Dalia

Haya, sogea karibu nikutegee kimoja kabla hatujaanza. Ninaye mtumishi nyumbani kwangu: wenzake wakihangaika yeye amelala, wenzake wakisimama ndipo kazi yake inaanza. Ni nani huyo? Wasema mlinzi? La, mlinzi wa siku hizi wenzake wakisimama naye anasinzia. Mlango? Si mlango. Basi nipe mji. Umenipa Moshi? Moshi nimeuchukua, na baridi yake na ndizi zake zote, na jibu lako hili hapa: ni breki. Mzigo unapopanda, breki haina kazi. Mzigo ukisimama hewani, watu wako chini yake, hapo ndipo utajua kama breki unayo au huna.

Sasa, breki moja iliingia katika nyumba ya Mama Severa pale Kariakoo, ikakaa mezani na watu, ikawanyima hamu ya kula.

Mama Severa na mumewe, Mzee Elisaria, ni watu wa Kilimanjaro. Wanauza pampu za maji, mabomba, na winchi ndogo za wachimba visima. Duka liko chini, wao wanaishi juu katika ghorofa lilelile, hata sufuria ikidondoka jikoni mteja huku chini anatazama dari. Mtaani wanamwita mzee Mangi, kama wanavyowaita wenye maduka wote wa kwao, naye kaitika mpaka limekuwa jina lake. Binti yao Jovitha yuko mwaka wa mwisho chuo cha uhandisi, mwendo wa miguu tu ukishavuka Mnazi Mmoja. Tangu alipopita mtaani mara ya kwanza na koti la bluu la karakana, jina lake la ubatizo lilikwisha. "Injinia, mambo?" "Injinia, njoo usikie feni yangu inavyonguruma!" Na aliyezidi wote ni baba yake. Mteja akija kuulizia pampu ya kisima, Mzee Elisaria humjibu, na kabla hajamaliza kumjibu ameshamwambia kwamba ndani ana injinia. Jovitha husema "Poa" huku anatembea, wala hasimami.

Mradi wake wa mwisho alikuwa anaufanya na mwenzake aitwaye Dalia, binti wa Bwana Salem, Mwarabu wa hapahapa Dar mwenye duka la vitambaa mtaa wa pili. Wasichana hao waliamua kutengeneza winchi ya kuzungusha kwa mkono, ya kupandishia marobota ya nguo ghorofani. Kariakoo nguo zinauzwa chini na kuhifadhiwa juu, na katikati hapo kuna ngazi na migongo ya watu. Jovitha alitengeneza kiunzi na ngoma ya kuzungushia waya. Dalia alitengeneza breki. Aliibuni mwenyewe kichwani, akaichonga mwenyewe kwa mikono yake, mpaka vidole vikaota sugu kama vya fundi.

*

Jumatano Jovitha alirudi mapema, akakaa kitini na mkoba begani.

"Jovi, umekula?" mama yake aliuliza.

"Sina njaa, mama."

"Sikuuliza njaa. Nimeuliza umekula."

Mama Severa ni mtu wa kuuliza, ndivyo alivyoumbwa. Pampu anaziuza tangu ujana wake, lakini kila akiinua boksi hujiuliza humo ndani kuna nini kinachoyashawishi maji kupanda juu. Mumewe humwambia, "Mama Jovi, sisi tunauza, hatufungui." Hiyo haijawahi kumzuia. Basi akamuuliza binti yake taratibu, kama mtu anayechambua dagaa, kichwa huku, mkia huku, mpaka habari ikatoka.

Mhadhiri wao, Dokta Scholastika, alikuja karakana kukagua mashine kabla ya siku ya kutetea mradi. Akamwambia Dalia, haya, nieleze breki yako. Dalia akaeleza vizuri sana, kisha akafungua kifuniko aionyeshe. Ndani breki yake haikuwamo. Ilikuwamo nyingine, ya kiwandani, mpya inang'aa, bado na stika.

"Stika ya wapi?" mama aliuliza, ingawa moyo ulishaanza kumwambia.

Jovitha alitazama sakafu. "Ya dukani kwetu."

"Yesu wangu."

"Darasa zima wakacheka, mama. Mmoja akasema, 'Dalia, hongera, umebuni China.'"

Dokta Scholastika yeye hakucheka. Aliwaambia Jumatatu waje wote wawili mbele ya jopo, na breki yao, si ya dukani, na kila mmoja aweze kueleza kilichomo. Asipotokea mmoja, mradi haupo. Na asiye na mradi anarudia mwaka.

"Dalia kasemaje?"

"Kaniuliza kwa nini niliitoa yake."

"Ukamjibu nini?"

Chini mtaani mtu wa mkokoteni alikuwa anapiga mbinja watu wampishe. Jovitha alisikiliza mbinja ile mpaka ikaisha.

"Jovi. Ukamjibu nini?"

"Nilimwambia kichwa kinauma. Nikatoka."

"Na mimi nikikuuliza?"

"Mama, kichwa kinauma."

Mzee Elisaria alikuwa amesimama mlangoni, kumbe kasikia yote. "Breki nilimpa mimi," alisema. "Alikuja dukani akasema, baba, naomba breki ya winchi ndogo. Nikampa. Sikuuliza ya nini." Akajikuna kidevu, halafu akajipa moyo. "Lakini lazima aliona hatari. Hiyo ya mwenzake haikuwa imara. Injinia akiona hatari hasubiri kikao!"

Jovitha aliinuka, akaingia chumbani kwake, akafunga mlango polepole sana, vile mtu anavyoufunga mlango ambao angependa kuubamiza.

*

Kesho yake Mama Severa alijitanda kitenge, akavuka Mnazi Mmoja kwa miguu. Getini mlinzi alikitazama kikapu alichobeba.

"Mama, wachuuzi hawaruhusiwi."

"Leo siuzi. Mimi ni mzazi."

"Mzazi wa nani?"

"Wa injinia."

"Humu wote ni mainjinia, mama. Injinia yupi?"

Ikabidi aache kikapu getini kama mtu anayeweka rehani, ndipo akapita. Alimkuta Dalia karakana, koti la bluu juu ya baibui, ushungi kauchomeka kolani usije ukanaswa na mashine, anapiga tupa kipande cha chuma kwa hasira. Alipomwona mgeni akaiweka tupa chini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Unatengeneza nyingine?"

"Najaribu. Haitakwisha kufikia Jumatatu, na ile ya kwanza Jovi hasemi iko wapi." Akafuta mikono. "Mama, kama umekuja kumwombea Jovi msamaha..."

"Nitaombaje msamaha wa kitu nisichokijua? Nimekuja unionyeshe. Hiyo breki yako inashikaje?"

Dalia alimtazama kwanza kama anataniwa. Alipoona mama yule kasimama kweli anangoja, aliomba ncha ya kitenge chake, akaizungusha kwenye mguu wa meza, akafunga fundo la kitanzi.

"Vuta, mama."

Mama Severa akavuta.

"Vuta zaidi. Linafanyaje?"

"Linakaza."

"Basi ndiyo breki yangu hiyo. Nyingine unazikaza wewe. Hii inakazwa na mzigo wenyewe. Mzigo ukiwa mzito, nayo inashika zaidi."

Mama Severa alivuta tena, na tena, macho yamemtoka. "Mama wee! Kwa hiyo mwizi mwenyewe ndiye anayejifunga kamba?"

Hapo Dalia alicheka. Halafu akaeleza na mengine, ya nyuzi za skrubu na sahani za chuma, kuzungusha hivi na kurudisha vile, na Mama Severa akawa anaitikia, ehe, ehe, naam. Mwisho akauliza kile alichokuja kuuliza.

"Wewe unadhani kwa nini aliitoa?"

Kicheko kikaisha. "Anaona yangu ni takataka. Kama si hivyo, angeniambia. Tumekaa dawati moja tangu mwaka wa kwanza, mama. Chipsi tunakula sahani moja." Akaokota tupa. "Mwambie hivi. Nimemuuliza swali moja tu. Akinijibu, hata kama ni jibu baya, Jumatatu nasimama naye. Asiponijibu siendi, na mwaka turudie wote. Sitasimama mbele ya jopo na mtu ambaye simjui."

*

Jioni Mama Severa alimwonyesha mumewe lile fundo kwenye mguu wa meza ya chakula. Mzee Elisaria hakushangaa kama alivyotarajia. Alilitazama fundo, uma mkononi.

"Mama Jovi, isale lako bado liko juu?"

Isale ni mmea wa majani marefu ya kijani. Kwao Kilimanjaro, mtu akimkosea mwenzake hukata jani lake, akalifunga fundo, akampelekea. Na aliyepelekewa isale hakatai. Mama Severa alikuja na kichipukizi chake waliporudi kutoka Krismasi ya nyumbani, akakipanda kwenye ndoo ya rangi juu ya paa la ghorofa, pale wanapoanika nguo.

"Liko. Unamtaka nani msamaha?"

"Breki ilitoka dukani kwangu. Kosa hili na mimi nina mguu ndani. Nitalipeleka kwa Bwana Salem, wazazi tukipatana watoto watafuata."

"Na Bwana Salem anajua isale ni nini?"

"Msamaha ni msamaha," alisema mzee, akaendelea kula.

Kesho yake, basi, akavaa koti lake la kanisani katikati ya joto lile la Kariakoo, jani mkononi, akaenda mtaa wa pili. Jambo moja lilimpita: ilikuwa Ijumaa, na jua limeshasimama utosini. Alikuta duka limefungwa, Bwana Salem yuko msikitini. Mwingine angerudi nalo aje baadaye. Lakini Mzee Elisaria alifundishwa na baba yake kwamba isale likishatoka nyumbani halirudi mkononi mwa aliyelitoa. Alitazama huku na huku asione wa kumwachia. Mwisho akalifunga kwenye kufuli la mlango, fundo zuri, limekaza, akarudi dukani kwake mwepesi kama aliyetua gunia, akaagiza chai.

*

Hakuwa ameimaliza mteja mmoja alipoingia akihema. "Jamani, mmesikia? Mtaa wa pili Mwarabu wa vitambaa kawekewa uchawi kwenye kufuli! Jani limefungwa fundo, la kuzuia biashara!"

Mama Severa alimtazama mumewe. Kikombe kilikuwa kimesimama katikati ya safari ya kwenda mdomoni.

"Baba Jovi. Lile jani ulimpa nani mkononi?"

Mzee alikiweka kikombe chini, akavaa koti lake. Mama Severa akamwita Jovitha kutoka juu, wakaenda wote watatu, haraka, bila kusalimia mtu.

Mbele ya duka la Bwana Salem palikuwa pamejaa. Chiku, muuza kahawa anayekaa mkabala na duka lile, alikuwa ametanua mikono mlangoni kama askari. "Usiguse, Bwana Salem! Nakwambia usiguse! Hilo fundo likifunguliwa na mwenye duka ndiyo basi tena!" Mmoja alitaka liondolewe kwa fimbo. Mwingine alisema liungue hapohapo kufulini. Vijana wameinua simu wanarekodi. Bwana Salem amesimama na kanzu yake nyeupe ya Ijumaa, funguo mkononi, na Dalia nyuma yake.

"Ni langu," alisema Mzee Elisaria.

Hawakumsikia. Ikambidi apaze sauti, yeye ambaye hata na wateja wakorofi huongea chini. "Nasema ni langu! Mimi ndiye niliyeliweka!"

Simu zote zikamgeukia.

"Mangi! Kumbe ni wewe!"

"Ndiyo maana duka lake linajaa!"

"Na koti la kanisani kavaa, mwone!"

Jovitha aliinamisha uso. Mama Severa alimshika mumewe mkono.

Bwana Salem akainua funguo zake juu, watu wakapunguza kelele. "Mwacheni aseme. Mangi, tumefahamiana zamani. Hili ni nini?"

Mzee Elisaria akaeleza, akijifuta jasho. Habari ya nyumbani, ya kukosa, ya fundo, ya kupeleka. Bwana Salem alisikiliza na uso ukaanza kubadilika, si kwa hasira, ila kwa hamu ya kujua.

"Na nikilikataa?"

"Isale halikataliwi."

"Nani kasema?"

"Baba yangu. Na babu yangu."

"Lakini hili umelifunga kwenye kufuli, Mangi! Hata nafasi ya kukataa sikupewa!"

Watu wakacheka, na Chiku akacheka zaidi ya wote, mikono ikashuka. Bwana Salem akalifungua fundo mwenyewe kwa vidole vyake, akalinusa jani, akaligeuza, akauliza kama linaota Dar, kama linaliwa, na kwa nini fundo. Kisha akafungua duka. "Ingieni ndani. Chiku, tuletee kahawa. Na hao wenye simu waambie wafute."

*

Ndani walikaa juu ya marobota, kila mmoja kikombe chake. Kahawa ni chungu, maneno nayo yakaanza hivyohivyo.

"Nitasema kilicho moyoni," alisema Bwana Salem. "Mimi nilidhani ni wewe, Mangi. Nilidhani unataka stika ya duka lako ionekane mbele ya jopo, ili chuo kije kununua kwako."

"Mimi?" Mzee Elisaria aliumia kweli. "Haki ya Mungu sikuwaza hivyo. Mimi nilidhani mwanangu kaona hatari kwenye hiyo breki."

"Hatari gani, Baba Jovi?" Dalia aliingilia. "Tuliipima wote wawili. Ilishika robota zima, halikushuka hata unywele. Jovi ndiye aliyekuwa anapiga makofi!"

Wote wakamtazama Jovitha. Jovitha alikuwa anatazama kahawa.

"Jani nimelipokea," Dalia akaendelea, sauti imeshuka. "Mzee kavaa koti, kaaibika barabarani kwa ajili yetu, nitasemaje? Lakini jani halikunijibu. Mimi sina ugomvi na Baba Jovi."

Bwana Salem, ambaye kimya humsumbua kuliko kelele, akauliza, "Hiyo breki yenyewe inafanyaje kazi? Nyumbani naisikia tu, breki, breki, kila siku."

"Mimi najua!" alisema Mama Severa, akaruka kutoka kwenye robota. Akachukua kipande cha kitambaa mezani, akafunga kitanzi kwenye mguu wa meza, akamkabidhi Bwana Salem ncha. "Vuta, Baba Dalia. Vuta zaidi. Umeona? Mzigo ndio unaoikaza. Ukiwa mzito, inashika zaidi!"

Bwana Salem akavuta, akaona, akatikisa kichwa kwa furaha. Halafu akasita. "Sasa ukitaka kuushusha mzigo? Kama unajikaza wenyewe, unashukaje?"

Mama Severa alifungua mdomo. Akaufunga. Akatazama fundo, akatazama dari.

"Hapo sikuelewa," alisema, vile mtu anavyosema chumvi imekwisha. "Dalia alinieleza vizuri tu jana, nami nikawa naitikia, ehe, ehe, nikaona haya kumrudisha nyuma. Kumbe sikushika kitu. Mwanangu, nieleze tena."

Bwana Salem akaangua kicheko, na hata Mzee Elisaria akatabasamu ndani ya jasho lake. Dalia akatoa kiganja kimoja na kingine, akavikutanisha kuwa sahani mbili za chuma. "Tazama, mama. Ukizungusha mkono wa mashine mbele, skrubu inazibana hizi. Ukizungusha nyuma kidogo, inazilegeza kidogo tu, mzigo unateremka kidogo, na ule mteremko wenyewe unazibana tena..."

Mama Severa alikuwa anafuata viganja, lakini jicho lake la pili, lile ambalo mama hulibakiza siku zote kwa mwanawe, likamwona Jovitha. Kikombe alikuwa amekiweka chini. Ameinama mbele, midomo inacheza, anaangalia viganja vya Dalia kama mwenye kiu aangaliavyo maji yanavyomiminwa.

"Ngoja," Jovitha alisema ghafla. "Rudia hapo."

"Wapi?"

"Hapo pa kuteremka. Kwa nini zinabana tena?"

Dalia aliviacha viganja vyake vikiwa vimeungana hewani. Alimtazama rafiki yake kwa muda, kama anayesoma maandishi madogo.

"Jovi," alisema taratibu. "Kwa nini uliitoa?"

Jovitha alimtazama baba yake kwanza, na lile koti lililolowa mgongoni. Akamtazama mama yake, bado ameshika kitambaa. Kisha akamgeukia Dalia.

"Niliifungua nione inavyoshusha," alisema. "Nikashindwa kuiunga tena. Nilijaribu siku nzima, vipande vyote ninavyo nyumbani, na baba akija kuniita injinia nikawa navifunika. Haikuwa mbaya, Dalia. Sikuielewa. Tangu siku ya kwanza uliponichorea, sikuielewa."